Dole la Shaba

Msafiri anayetoka tambarare, akapanda kwa siku mbili, akavuka mto Lwiko unaopita katikati ya mawe na kuumaliza msitu wa mianzi, huanza kunusa ndizi kabla hajaona nyumba hata moja, na hapo hana haja ya kumuuliza mtu njia, maana amekwisha kuingia Machaneni. Ni nchi ndogo, ya vilima kumi na viwili vilivyobanana kama watu kwenye benchi fupi, na kila kilima kimefunikwa migomba kutoka unyayoni hadi utosini, hata makazi ya watu hujulikana kwa moshi tu unaopenya juu ya majani. Wenyeji wanakula ndizi, wanakunywa pombe ya ndizi, wanaezeka kwa majani ya mgomba na kufunga mizigo kwa kamba za mgomba, na umri wa mtu hawauhesabu kwa miaka. Mtoto kwao ni ua, kijana ni mbichi, mtu mzima ameiva, na mzee anayeanza kusimulia jambo lile lile mara tatu kwa asubuhi moja wanasema, kwa heshima zote, kwamba ameanza kutoka madoa.

Katikati ya vilima hivyo kuna bonde moja tu lililo sawa. Wangeweza kulilima, lakini waliona afadhali walichezee, na hapo ndipo ulipo uwanja wao wa mpira wa magongo, wenye majani mafupi yanayofyekwa kila wiki na majukwaa ya magogo pande tatu. Mmachaneni anaweza kusahau siku ya harusi yake, lakini hawezi kusahau bao. Nchi haina mfalme wala haijawahi kumtamani, kwa sababu anayeitawala timu ndiye anayeitawala nchi. Timu yenyewe inaitwa Mkungu, huvaa kijani na manjano, na kwa miaka ishirini na mitatu imekuwa ikifungwa na kila anayejisikia kuifunga.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya miaka hiyo ishirini na mitatu, Mkungu ilitwaa Kombe la Mito Mitatu kwa kundi la vijana kumi na mmoja ambao mkubwa wao alikuwa na miaka ishirini, watoto waliotoka machungani na magongo ya kuchonga wenyewe, wakakimbia kama waliomwagiwa maji ya moto, wakashinda. Umati ukamzunguka mkuu wa timu kutaka kujua siri ya ushindi. Mkuu hakuwa na siri yoyote, na mdomoni alikuwa na ndizi, basi akaimeza akasema, "Vijana waliiva." Neno hilo lilichongwa kwenye ubao, ubao ukatundikwa langoni, na wakuu waliofuata wakajenga utawala mzima juu yake.

Maana walisema hivi: kama kushinda ni kuiva, basi kazi ya utawala ni kuivisha, na kila mtu Machaneni anajua kwamba kitu kibichi huiva kwa kuvundikwa. Upande wa kaskazini wa uwanja, kwenye mteremko wa kilima, wakajenga nyumba ya udongo isiyo na dirisha ila tundu moja la hewa, wakaijaza majani makavu ya mgomba, wakachimba jiko la moshi pembeni mwake, wakaiita Vundiko. Kila kijana aliyeonekana ana kipaji alichukuliwa kwa nderemo, akavishwa joho la majani makavu, akaingizwa humo aive. Gongo alilishika Alhamisi tu, kwa robo saa. Siku zilizobaki alikaa, akasikiliza mawaidha, na mechi ikichezwa alipata zamu yake ya kuchungulia kwenye lile tundu. Uwanjani walibaki kucheza wale wale kumi na mmoja wa Kombe, walioitwa Wabivu, kwa sababu kuiva kwao kulikuwa kumeandikwa kwenye ubao. Nahodha wao, Mandondo, sasa alikuwa na miaka arobaini na mitatu na magoti yanayolia kama mlango wa ghala, na aliposhangiliwa alihitaji muda kidogo kujua sauti inatoka upande gani.

Wenye kuamua nani ameiva walikuwa watu saba, Baraza la Madole, na mkubwa wao, Dole Kuu, alikuwa Fumbwe, mtu mnene mwenye sauti tamu iliyoweza kumfanya mtu aliyefungwa mabao tisa ajisikie kama amepewa zawadi. Kila Ijumaa waliingia Vundikoni, wakambonyeza kila kijana begani kwa dole gumba, kama mnunuzi anavyobonyeza ndizi sokoni, kisha wakatoka na kuutangazia umati neno moja: "Bado." Na kwa kuwa dole la kiongozi ni mali ya taifa na halifai kuchakazwa na mabega ya watu, kila mmoja wao alivishwa, siku ya kuapishwa, ala ya shaba iliyolifunika dole lote hadi kwenye kiungo, na ala hiyo hakuivua mpaka kufa. Walikula nayo, walilala nayo, walijikuna nayo. Walibonyeza nayo. Chochote walichokibonyeza kilikuwa kigumu, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama ugumu ule ulikuwa wa kijana au wa shaba.

Aliyemaliza misimu mitano Vundikoni bila kuiva aliandikwa kwenye ubao wa mlangoni kwamba amevia, kama ndizi iliyokataa kuiva ikabaki ngumu na isiyo na ladha, na aliyevia hakuruhusiwa kushika gongo tena ndani ya vilima kumi na viwili. Wengi walivuka mto wakaenda Jiweni. Huko Jiweni mgomba haumei, ardhi ni mawe matupu, na watu wake hawajui kuvundika kitu. Wao wakimwona kijana ana mbio wanampa gongo. Akikosea wanamfokea, kesho wanampa tena. Ndiyo maana Wamachaneni walikuwa mashabiki wa ajabu kuliko wote duniani: kila mtu aliyewafunga walimjua kwa jina, kwa ukoo, na kwa jina la utani aliloitwa alipokuwa mtoto.

Hakuna aliyeumwa na jambo hili kuliko Tindwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega na mwepesi wa ulimi, na kazi yake ilikuwa kuvundika ndizi. Nyuma ya nyumba yake lilikuwepo shimo alilorithi kwa mama yake. Alijua kwamba mkungu wa kula unataka siku tatu na wa pombe unataka nne. Alijua kwa pua tu wakati moshi umetosha. Na alipofunua shimo alibonyeza kwa dole lake mwenyewe, lililokuwa jeusi kwa utomvu hata sabuni ilikuwa imelikatia tamaa. Uwanjani alikaa safu ya tatu karibu na lango la kaskazini, mahali pale pale tangu siku ya Kombe. Jirani yake alikuwa Ngoda, fundi baiskeli, aliyekuja kila mechi na kengele ya baiskeli ya kupiga pale Mkungu itakapofunga. Kengele ilikuwa imeshika kutu.

Na mtoto wa Tindwa, Kilumbi, alikuwa Vundikoni msimu wake wa tano. Alijifunza mchezo kwa gongo la mpera, akiukokota mpira kati ya mashina ya migomba ya mama yake, na alipochukuliwa akiwa na miaka kumi na saba Tindwa alichinja mbuzi na kuwaita majirani wa vilima viwili. Sasa alikuwa na ishirini na mmoja, na zilibaki wiki tatu. Mechi ya mwisho ikipita bila yeye kuiva, ataandikwa amevia, atavuka mto kama wenzake, na mama yake atakaa safu ya tatu amtazame akija amevaa kijivu cha Jiweni. Tindwa alikuwa amekwisha kujiuliza siku hiyo atamshangilia nani, na jibu lilimkera, kwa sababu alilijua.

Wiki hiyo hiyo Jiweni walipanda mlima wakaifunga Mkungu tisa kwa moja. Matano aliyafunga Sengaru, kijana wa kilima cha nne, aliyeandikwa amevia mwaka juzi. Lile moja la Mkungu lilipatikana mpira ulipomgonga Mandondo mgongoni akiwa ameinama kufunga kiatu. Ngoda aliipiga kengele, ikatoa sauti kama kikohozi cha mbuzi.

"Dada, huyu Sengaru si ndiye Madole walisema bega lake gumu?" aliuliza.

"Ndiye."

"Basi hawakusema uongo. Kipa wetu kagongana nalo mara tatu."

"Ngoda, usinichekeshe. Leo nina hasira."

"Na mimi nina hasira. Ila zangu zinacheka."

Mchezo ulipokwisha umati haukuondoka. Watu walikuwa wamekuja na majani makavu ya mgomba chini ya nguo zao. Wakayatoa, wakayavaa mabegani, wakakaa kimya jukwaa zima, wazee, akina mama na watoto, kama vijana wa Vundikoni. Dole Kuu Fumbwe akasimama kuwahutubia. Aliwaeleza kwamba timu iko katika ujenzi mpya. Kwamba huu ni ujenzi mpya wa saba, na kwamba ni bora kuliko wa kwanza hadi wa sita kwa kuwa umejifunza kutokana na yote. Kwamba anaona dalili, ingawa kuzitaja dalili mapema ni kuzitisha. Akauliza kama kuna swali. Tindwa akasimama, akainua dole lake jeusi, akauliza kwa sauti iliyofika kilima cha pili:

"Mtukufu Dole, na huo ujenzi wa saba umeiva?"

Fumbwe alipofungua mdomo umati mzima ukamjibia: "Bado." Halafu watu wakacheka mpaka majani yakawaanguka mabegani, kwa kuwa Mmachaneni hawezi kukasirika zaidi ya nusu saa, wakaenda kunywa.

Kicheko kile ndicho kilichowatia Madole hofu. Hasira walikuwa wameizoea. Ilipanda na kushuka kama bei ya chumvi, na wao waliingoja ishuke. Lakini kucheka kuliendelea. Watoto walibonyezana njiani wakiambiana bado. Mama wa kilima cha saba alimwambia mumewe bado alipoulizia chakula, na mume, aliyekuwa karani wa Baraza, akaja kazini amenuna. Madole wakakaa vikao wiki mbili, na mwisho wakaona njia: wampe Tindwa cheo. Wamfanye Mshauri wa Heshima wa Uivaji, alikague Vundiko mbele ya watu, aseme neno moja la sifa, na siku nyingine akisimama kuuliza swali awe anajiuliza mwenyewe. Jumatano ya wiki ya mwisho wakamwita, mbele ya Baraza zima na Wabivu wote kumi na mmoja.

Tindwa akainama mlangoni, akaingia. Vijana ishirini walikuwa wamekaa kwa safu kwenye mabenchi, majoho ya majani shingoni, macho mekundu kwa moshi. Wengine walikuwa wameota ndevu humo humo. Kilumbi alikuwa benchi la nyuma kabisa.

"Mama, umekuja kunitoa?"

"Nimekuja kunusa. Kaa wima, unajikunja kama mzee."

Alivuta pumzi ndefu. Aliyafikicha majani kati ya vidole. Kisha akaweka dole lake begani mwa mwanawe, akabonyeza. Akambonyeza wa pembeni yake. Akaenda safu kwa safu hadi wa ishirini. Alipotoka nje macho yake yalikuwa na maji, na ilikuwa rahisi kudhani ni moshi.

Fumbwe akamuuliza, kwa ile sauti yake, kama mtaalamu ameridhika.

"Vua hiyo shaba, Mtukufu, ukabonyeze mwenyewe," Tindwa alisema. "Mara moja tu."

Baraza likashtuka kama mtu aliyeambiwa avue suruali sokoni. Fumbwe akamweleza kwa upole kwamba ala haivuliwi, kwamba ndiyo inayolipa dole uzito wake, na kwamba wamemwita azungumzie moshi na majani, mengine yana wenyewe.

Tindwa akanyamaza kitambo. Baadaye watu walibishana sana juu ya ule unyamavu wake: wapo wanaosema alikuwa akipanga jambo, na wapo wanaosema alikuwa amechoka tu, akaamua kusema analolijua na kwenda zake. Alisema kwamba katika shimo lake havundiki mabichi matupu. Katikati huweka kichane kimoja kilichoiva sawasawa, maana harufu ya kilichoiva ndiyo inayoivisha kibichi. Mle ndani, alisema, wamejaa wabichi peke yao, wanatazamana tu. Hata mngewafukiza moshi miaka mia, wasingeiva.

"Kwa hiyo kinachotakiwa ni kitu kilichoiva," Fumbwe alisema.

"Kilichoiva kabisa."

Nahodha Mandondo akakohoa, akapiga hatua mbele, magoti yakalia. Alisema, bila kujisifu, kwamba kuiva kwake kumo kwenye ubao. Hapo Dole wa Tatu akakumbusha kwamba mchezaji hawezi kuwa ameiva kumpita mtu anayethibitisha kuiva. Dole wa Pili akasema kama ni hivyo yeye alianza kuthibitisha kabla ya wa Tatu. Wabivu wengine wakanung'unika kwamba Kombe halikubebwa na mtu mmoja. Haikupita robo saa, ikawa pale nje hakuna hata mmoja, isipokuwa Tindwa, aliyekuwa tayari kukubali kwamba Machaneni kuna mtu aliyeiva kuliko yeye. Fumbwe akalimaliza shauri kwa kuamuru kwamba wataingia wote, Madole saba na Wabivu kumi na mmoja, wakawaivishe vijana kwa siku nne, na Jumapili asubuhi watatoka pamoja kwenda kuipiga Jiweni.

"Ila lisijae kupita kiasi," Tindwa aliwaambia. "Shimo likijaa sana, zinaoza."

Sasa Dole hakai kwenye benchi. Vikaingizwa viti saba vyenye migongo mirefu, na mazulia yake, na mito, na vibao vya kuwekea miguu, na birika mbili za chai. Kila kiti kilipoingia, vijana wawili waliombwa wasubiri nje kidogo. Mandondo akataka nafasi ya kunyoosha goti la kushoto; kijana mwingine akasubiri nje. Wabivu wakasogea wote katikati, kwa sababu yule mama alisema katikati, na wa katikati wakasukumwa pembeni, na wa pembeni wakajikuta mlangoni. Wa mwisho kutoka alikuwa Kilumbi, naye alitoka kwa kuwa Dole wa Tano alihitaji pa kuweka mwavuli. Fumbwe alijifunika joho la majani, akatazama huku na huku, akaona nyumba imejaa vizuri, joto limekolea, kila mtu amekaa anapostahili, akaamuru mlango uzibwe kwa udongo kama sheria inavyotaka. Sheria hiyo aliiandika yeye mwenyewe: Vundiko likishazibwa, hatoki mtu mpaka Dole ambonyeze na kutamka kwamba ameiva.

Nje, vijana ishirini walisimama juani wakipepesa macho. Hakuna aliyewaambia la kufanya, na jambo hilo halikuwa limewatokea kwa miaka. Kisha mmoja wao akaliona gongo limeegemezwa ukutani. Akalitazama, akawatazama wenzake. Haikuwa Alhamisi. Akalichukua.

Jumapili ilipofika, ndani ya Vundiko Madole walianza kubonyezana. Fumbwe alimbonyeza Dole wa Pili, shaba ikakuta kigumu. Akamwambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba bado. Dole wa Pili akambonyeza Fumbwe, akamwambia naye bado, Mtukufu, kwa masikitiko kidogo pungufu. Wakazunguka viti vyote saba, wakawamaliza na Wabivu, na hakupatikana hata mmoja aliyeiva. Ule udongo wa mlangoni ungeanguka kwa kusukumwa na bega moja. Lakini kutoka bila kuiva kungekuwa kukiri kwamba sheria ni upuuzi, au kwamba shaba haisikii, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo mbele ya wenzake. Wakakaa. Mandondo peke yake alionekana kufurahi. Alisema magoti yake hayajapata joto zuri namna ile tangu ujana wake.

Uwanjani mwamuzi aliipa Mkungu dakika kumi. Timu isiyotokea mechi ya mwisho hufutwa katika Mito Mitatu, na kila mtu jukwaani aliijua kanuni hiyo. Dakika ya nane walitokea upande wa kaskazini vijana kumi na mmoja, baadhi yao wakiwa bado na majani mabegani, wakaingia wakikimbia. Hakuna aliyewatuma.

Hawakucheza vizuri, na hilo lisemwe. Mara mbili waligongana wao kwa wao. Beki mmoja alifurahi sana kuupata mpira hata akaupiga kwenye lango lake mwenyewe. Kwa robo saa ya kwanza waliukimbilia mpira wote kwa pamoja kama kuku nyuma ya mtu aliyeshika mtama, na mapumziko yalipofika Jiweni walikuwa mbele manne kwa moja. Lakini aliyekosea alicheka, akaufuata tena mpira, na hakuna aliyemtoa. Umati, uliokuwa umezoea kutazama watu wanaotembea, ulisimama mwanzo hadi mwisho. Kipindi cha pili vijana wakaanza kuonana. Likaingia la pili, kwa bahati, na la tatu, kwa akili. Zikiwa zimebaki dakika chache Kilumbi akauchukua mpira katikati ya uwanja, akaanza kuukokota kushoto na kulia, kushoto na kulia, akawapita watatu kwa njia ambayo Tindwa aliitambua mara moja. Ilikuwa safu ya migomba yake, shina kwa shina, mpaka kwenye ule mgomba wa mwisho karibu na shimo, ambapo tangu utotoni alikuwa akigeuka kulia. Akageuka kulia. Akafunga.

Ngoda aliipiga kengele mpaka kutu ikapukutika kwenye mapaja yake.

Ikaisha nne kwa nne. Sengaru, aliyekuwa amefunga mawili, alimwendea Kilumbi, akamchomoa jani moja kavu lililobaki begani, akalichomeka kwenye shati lake la kijivu, akateremka nalo mlima. Hakuna aliyemzomea.

"Dada, hatujashinda," Ngoda alisema.

"Nimeona."

"Mbona unalia basi?"

"Moshi."

"Moshi gani? Vundiko liko kule."

Siku ya mwisho ya msimu ikapita hivyo, na kwenye ubao wa mlangoni hakuandikwa jina la mtu, kwa kuwa wenye kuandika walikuwa ndani. Watu waliwapelekea chakula kwa zamu, kilima hadi kilima, wakikipitisha kwenye tundu la hewa, na kupitia tundu hilo hilo yalitoka matangazo ya ujenzi mpya wa nane, ambayo watu waliyapokea kwa mikono miwili, wakayatumia kufungia chumvi. Wapo waliosema mlango ubomolewe. Wengine walisema sheria ni sheria. Wengi zaidi walikuwa na haraka ya kwenda kutazama mazoezi.

Alhamisi iliyofuata zamu ilikuwa ya Tindwa. Alipanda na bakuli la uji, Kilumbi akifuata na chungu. Kwenye ukingo wa tundu walikuta ala moja ya shaba imewekwa. Joto lilikuwa limeishinda. Fumbwe aliwaeleza kutoka ndani kwamba ameivua kwa muda tu, dole lipumue. Kilumbi akaitwaa, akaipangusa kwenye shati, akaivaa. Ilimtosha sawasawa. Akaliinua dole juani, akaligeuza huku na huku, shaba ikang'aa, akalitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko mama yake alivyopenda.

"Vua," Tindwa alisema.

"Natazama tu, mama."

"Nimekwambia vua."

Akavua. Tindwa akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akasema Ngoda anatafuta kipande cha shaba cha kengele mpya. Fumbwe hakupinga. Sauti yake, iliyokuwa imepungua utamu, ikamwita Mama Kilumbi, ikamsogeza karibu, ikasema ina ombi dogo, la siri, maana wenzake wamelala. Kisha kwenye tundu likatokeza dole gumba tupu, lililopauka kwa kufichwa miaka mingi, lenye mikunjo ya unyevu.

"Wewe unaijua kazi yako," Fumbwe alisema. "Nibonyeze. Niambie ukweli."

Tindwa akalishika. Akaweka dole lake jeusi juu yake, akabonyeza taratibu, kama alivyobonyeza mikungu yote ya maisha yake, na likazama kama kwenye ndizi iliyosahauliwa shimoni. Chini bondeni vijana walikuwa wakipiga kelele. Mtu alianguka, mtu akacheka, mpira ukagonga mbao za lango.

"Ehe?" sauti iliuliza. "Tayari?"

Tindwa alilirudisha lile dole ndani kwa upole, akaliweka bakuli la uji mahali pake, akajifuta mikono.

"Bado," alisema, na yeye na mwanawe wakateremka uwanjani.